Jumamosi ya vuli Mombasa: namna ya kusoma utabiri wa siku tatu kabla hujasimamisha tenti

Kazi yangu ni matenti na viti. Oktoba ikishaingia, siku ya Alhamisi simu yangu haipoi, na swali huwa lile lile: "Jumamosi itanyesha?" Swali hilo silijibu. Si ujeuri. Hata nikikujibu ndiyo au la, bado hutajua ufanye nini. Vuli hapa kwetu, mvua kunyesha mahali fulani saa fulani kati ya Ijumaa na Jumapili ni jambo la kawaida kabisa. Mwenye shughuli anahitaji kujua mambo matatu: itanyesha saa ngapi, upande upi, na kiasi gani. Yote matatu yamo kwenye utabiri wa kitaifa, ila yamekaa mbalimbali, na watu wengi wakiona kile kipicha cha wingu huishia hapo hapo.

Basi nitaeleza ninavyousoma mimi. Ni kwa yeyote mwenye harusi, hitima, maulidi, mkutano wa kanisa au sherehe ya mtoto uwanjani, na kwa yeyote anayeondoka nyumbani wikendi ya Mashujaa akidhani mvua ni bahati nasibu.

Hakikisha kwanza ni utabiri gani

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ile ambayo makao yake makuu yako Dagoretti Corner, Nairobi, hutoa tabiri za aina kadhaa, na watu huzichanganya. Kuna ule wa msimu, unaotoka kabla ya Oktoba kuanza, unaosema kama vuli nzima hadi Desemba itakuwa nzito au hafifu kuliko kawaida. Huo ni wa mkulima wa Kwale na wa wanaopanga mabwawa na chakula cha msaada. Jumamosi yako hauijui. Mwaka 1997, 2019 na 2023 vuli ilileta mafuriko. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa na joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, na 1997 na 2023 El Nino ikaongezea nguvu. Hata hivyo, ndani ya vuli hizo hizo kulikuwa na Jumamosi ambazo watu walikula biriani yao nje bila kuguswa na tone. Msimu mzito huongeza siku za mvua, lakini haukutajii ni zipi.

Utabiri unaotufaa ni wa muda mfupi. Kwa wataalamu, huo ni wa kuanzia saa 12 hadi saa 72 zijazo, yaani siku tatu. Ndiyo maana mimi huamua Alhamisi jioni: ukihesabu kutoka hapo, saa 72 zinakwisha Jumapili jioni, na shughuli yako nzima imo ndani. Anayenipigia Jumapili kuuliza habari za Jumamosi ijayo humwambia amalizane na wapishi kwanza, ya mbinguni tutayazungumza baadaye. Ule wa siku saba nautazama Jumatano, ili tu nijue kama nianze kutafuta mapipa ya ziada ya kufungia tenti.

Upande upi

Taarifa ya kitaifa huigawa nchi kwa kanda. Utakuta nyanda za juu za magharibi pamoja na Bonde la Ziwa Viktoria, nyanda za juu za mashariki pamoja na Nairobi, kaskazini magharibi, kaskazini mashariki, nyanda za chini za kusini mashariki, kisha Pwani. Ruka zote uende Pwani, isipokuwa kama wageni wako wanatoka bara kwa basi. Hapo soma na za njiani.

Kanda ya Pwani ni Mombasa, Kwale, Kilifi, Lamu na Tana River. Kutoka Vanga hadi Kiunga ni ufuo wa zaidi ya kilomita 500. Kwa hiyo ukisoma "mvua katika maeneo machache asubuhi", usikimbilie kudhani ni kwako; huenda ni Faza, huenda ni Msambweni. Maneno hayo hayawekwi ovyo. Maeneo machache ni chini ya asilimia 33 ya eneo, kadhaa ni kati ya 33 na 66, na mengi ni zaidi ya 66. Yajue kwa moyo, maana hapo ndipo mfuko wako ulipo.

Mimi yamenipa kanuni. Wakisema machache, tenti linasimama kama kawaida, na zile kuta za pembeni zinapakiwa kwenye lori lakini hazifungwi. Wakisema kadhaa, kuta zinafungwa upande wa bahari, jukwaa la bibi harusi linainuliwa juu ya mbao, na waya wote wa umeme unapitishwa juu, hakuna kulaza waya kwenye nyasi. Wakisema mengi, kwa siku mbili mfululizo, basi namwambia mteja waziwazi atafute ukumbi, au akubali kulipia tenti la paa la mwinuko na sakafu ya mbao. Wapo wanaokasirika. Afadhali akasirike Alhamisi.

Usitegemee mtu yeyote, wala mashine yoyote, ikutajie mtaa. Wingu la vuli ni dogo, upana wake ni kilomita chache na umri wake mara nyingi haufiki hata saa mbili. Laweza kulowesha Tudor likaacha Kizingo vumbi linatimka. Hizi programu za simu nazo hutoa hesabu za kompyuta zinazoigawa dunia kwa miraba. Ule mfumo wa Marekani unaotumiwa na programu nyingi za bure, GFS, husambaza matokeo kwa miraba yenye upande wa kilomita kama 28. Kisiwa chote cha Mombasa kinaingia ndani ya mraba mmoja na nafasi inabaki. Ule wa Ulaya, ECMWF, una miraba ya kilomita kama 9, umejitahidi, lakini nao hauwezi kuitenga Nyali na Kongowea. Kwa hiyo simu ikikuonyesha mvua Bamburi na jua Kisauni, hiyo ni mapambo tu.

Kazi nzuri ya programu ni nyingine. Fungua inayoonyesha mifumo miwili pamoja, kama Windy, utazame kama inakubaliana. Ikikubaliana na taarifa ya Idara juu ya siku na sehemu ya siku, panga ukiwa na imani. Mmoja ukisema Ijumaa usiku na mwingine Jumapili, jua kwamba hali bado haijatulia, nawe usitulie: acha uamuzi wa kuta uwe wa Ijumaa mchana. Mifumo hiyo mikubwa huanza hesabu mpya saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku kwa saa zetu, na matokeo hutoka baada ya saa kadhaa. Kufungua simu kila baada ya dakika kumi hakukupi jipya, ni kumaliza bando.

Jambo jingine: kipimo cha mvua kinachoandikwa "Mombasa" kwenye rekodi kinatoka kituo cha uwanja wa ndege wa Moi, upande wa Port Reitz. Ukisikia Jumatatu kwamba Mombasa ilipata mvua kidogo ilhali wewe wa Shanzu ulikesha ukikinga maji kwa ndoo, hakuna aliyedanganya.

Saa ngapi: hapa ndipo penye faida

Watu wa bara wamezoea mvua ya alasiri. Kericho au Kisumu jua huichoma ardhi mchana, hewa yenye joto hupanda, mawingu hujikusanya, na kufika saa kumi mvua inamwagika. Mgeni kutoka huko akiona Mombasa ina wingu asubuhi, hujiambia mchana itakuwa balaa. Kwetu mambo mara nyingi huenda kinyume.

Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko bahari. Hewa baridi hutambaa kutoka bara kuelekea majini, na huko hukutana na upepo unaoingia kutoka baharini, ambao msimu huu ni matlai, upepo wa mashariki. Pepo mbili zikikutana hewa haina pa kwenda ila juu. Mawingu huumbika juu ya maji, si mbali na ufuo, na usiku wa manane hadi asubuhi husogea yakatunyeshea. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto, upepo wa bahari huingia kwa nguvu na kuyasukuma mawingu ndani, upande wa Mazeras, Mariakani na Kinango. Ndiyo maana utaona watu wa Mji wa Kale wanaanika nguo saa sita ilhali shemeji yao wa Mariakani anapiga simu kusema kunanyesha.

Kwa hiyo kwenye taarifa ya Idara usitazame siku, tazama safu zake tatu: asubuhi, alasiri, usiku. Taarifa inayosema mvua asubuhi, vipindi vya jua alasiri, mawingu usiku ni taarifa nzuri sana kwa harusi inayoanza saa kumi jioni. Taarifa hiyo hiyo ni mbaya kwa shughuli ya chai ya saa mbili asubuhi. Picha ya wingu kwenye simu ni moja kwa zote mbili.

Mara kwa mara hupigiwa simu na mama mzima, sauti imejaa wasiwasi. "Salaam aleikum mwanangu. Simu ya mjukuu wangu yaonyesha wingu na umeme Jumamosi. Niahirishe?" Namwambia: "Aleikum salaam mama. Shikamoo. Hebu mwambie mjukuu abonyeze hiyo Jumamosi, atusomee saa moja moja." Mjukuu anasoma. Mvua saa nane usiku, saa kumi na moja alfajiri, saa mbili asubuhi. Saa tano mawingu. Saa tisa jua. "Bibi harusi anatolewa saa ngapi, mama?" Baada ya isha, asema. Basi tatizo letu si harusi, tatizo letu ni viti vilivyolala nje usiku wa Ijumaa. Nimeshusha mzigo mmoja, nimebaki na mwingine mdogo: viti vitafika Jumamosi saa sita, si Ijumaa jioni, na tenti litakazwa kamba tena asubuhi baada ya kulowa.

Kuna mitego miwili ya saa. Simu nyingi huandika 03:00 au 3 PM, na mtu aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili akisoma haraka huona "saa tatu". Saa 03:00 ni saa tisa usiku, 15:00 ni saa tisa alasiri. Ongeza au punguza sita kabla hujamtumia mtu ujumbe. Mtego wa pili ni usiku. Wazee wetu huhesabu siku kuanzia magharibi, kwa hiyo kwao usiku wa Jumamosi umetangulia mchana wake. Katika taarifa ya Idara, usiku hufuata mchana wake. Mkizungumza na mzee, taja "usiku wa kuamkia Jumamosi", msije mkaandaa tenti usiku usio wake.

Nisikudanganye, mpango huu wa mvua ya alfajiri si sheria. Zipo siku ukanda wa mvua unapokuwa juu yetu, mbingu hufunga tangu asubuhi hadi usiku na jua halionekani. Siku hizo utabiri huziona mapema kuliko mvua ndogondogo, kwa sababu ni mfumo mkubwa. Utakuta safu zote tatu zina mvua, maeneo ni mengi, na Kwale na Kilifi zimeandikwa vilevile. Ukiona hivyo usitafute tumaini kwenye programu ya pili.

Kiasi gani

Watu hupuuza milimita kwa sababu jina lenyewe linasikika dogo. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita mraba. Tenti la mita 10 kwa 20 lina mita mraba 200. Mvua ya milimita 20, ambayo ndiyo kiwango ambacho Idara mara nyingi hukitaja kwenye tahadhari zake za mvua kubwa ndani ya saa 24, inaliangushia tenti hilo lita 4,000. Hiyo ni mitungi 200 ya muuza maji, tani nne. Paa likiwa limekazwa vizuri na lina mteremko, maji yanateleza na hakuna anayejua. Paa likilegea sehemu moja, maji hujikusanya, tumbo linaanza kushuka, na kadiri linavyoshuka ndivyo linavyokusanya zaidi. Vijana wangu wana mti mrefu wenye kitambaa mwishoni, kazi yake ni kusukuma hilo tumbo kutoka chini kabla halijakuwa zito. Usitumie ufagio wenye ncha, utalitoboa.

Milimita 20 zikigawanyika usiku kucha ni mvua ya kulalia. Zikija kwa nusu saa, barabara inakuwa mto. Taarifa ya siku tatu hukupa jumla tu, kwa hiyo tafuta neno lililo karibu nayo: manyunyu, rasharasha, mvua, au mvua ya ngurumo. Ya ngurumo ndiyo inayomwaga kwa mkupuo.

Ile asilimia ya kwenye simu usiichanganye na kiasi. Asilimia 70 haimaanishi mvua kubwa wala mvua ya siku nzima. Maana yake ni kwamba uwezekano wa kupata mvua hapo, kwa muda huo, ni mkubwa, hata kama ni ya dakika tano. Asilimia 70 ya rasharasha hainisumbui. Asilimia 35 ya ngurumo inanisumbua.

Na ukisoma kwamba "jana" kulikuwa na milimita kadhaa, kumbuka siku ya mvua kwa wapimaji huanza saa tatu asubuhi na kuishia saa tatu asubuhi inayofuata. Mvua ya alfajiri ya Jumamosi imo ndani ya hesabu iliyoanza Ijumaa. Wanaobishana baraza nzima kama utabiri wa Ijumaa ulikuwa kweli au uongo mara nyingi wanabishania hilo bila kujua.

Upepo na radi

Mvua hulowesha tenti, upepo ndio unaoling'oa. Kwa bahati nzuri, Oktoba na Novemba kusi imekwisha nguvu na kaskazi haijashika, kwa hiyo matlai mchana ni upepo wa kupendeza tu. Hatari ni ule upepo wa ghafla unaotangulia wingu la ngurumo. Hutokea upande usioutegemea, unadumu dakika chache, na ukiingia ndani ya tenti lililofungwa kuta pande tatu, zile kuta hugeuka matanga. Ndiyo maana sipendi kufunga kuta mapema "ili tuwe salama". Isitoshe, kwa joto la nyuzi 30 na unyevu wa vuli, ukiwafungia wageni kuta zote saa tisa mchana watakuchukia kuliko mvua.

Idara ikitoa tahadhari ya upepo, huutaja kwa noti (knots), kipimo cha mwendo. Noti 25 ni karibu kilomita 46 kwa saa. Nikiiona namba hiyo kwa Pwani, matenti makubwa hayatoki ghalani, hata mteja aongeze pesa.

Radi nayo tusiichukulie kama mambo ya Kisii tu. Tenti lina nguzo za chuma, si kimbilio. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi mlio ufike, gawa kwa tatu, utapata umbali kwa kilomita. Zikiwa sekunde 30 au pungufu, muziki uzimwe, jenereta izimwe, watu waingie nyumbani au kwenye magari, na wakae nusu saa baada ya mlio wa mwisho. Kwenye mipango yako ya Alhamisi, jua kabisa ni nyumba ya nani jirani itafunguliwa mlango.

Tahadhari za WhatsApp

Msimu huu picha zinaruka: mraba mwekundu, nembo ya Idara, "mvua kubwa ndani ya saa 48". Nyingine ni za kweli ila ni za mwaka mwingine. Tahadhari halisi ina tarehe ya kutolewa, saa ya kuanza na kuisha, orodha ya kaunti zinazohusika, kiasi kinachotarajiwa, na uwezekano wake ulioandikwa kwa asilimia, kwa mfano wa kati, 33 hadi 66. Kama kipande hicho kimekatwa na kubaki rangi na hofu, usikisambaze. Nenda kwenye tovuti ya Idara au kurasa zao wenyewe uone kama ipo. Kila kaunti, Mombasa ikiwemo, ina ofisi yake ya hali ya hewa, na taarifa ya kaunti ni bora kuliko ya kitaifa pale zinapotofautiana kwa undani, kwa sababu aliyeiandika anaijua Jomvu.

Tahadhari pia hubadilishwa. Iliyotolewa Jumatano yaweza kurefushwa au kufutwa Ijumaa. Anayefuatilia wanapoitangaza na asifuatilie wanapoifuta amejinyima harusi bure.

Ardhi unayosimamia

Utabiri ule ule una maana tofauti kwa viwanja tofauti. Kisiwani chini ni jiwe la tumbawe. Maji huzama haraka, lakini kigingi hakiingii, kwa hiyo tunafunga tenti kwa mapipa yaliyojaa maji au mchanga. Ikikadiriwa kunyesha usiku, hakuna shida na ardhi, shida ni mifereji ya mitaa kama ya Majengo. Upande wa Nyali na Bamburi kuna mchanga mwingi. Kigingi huingia kwa urahisi na hutoka kwa urahisi vilevile ukilowa, tumia virefu zaidi na uvikague asubuhi. Changamwe, Mikindani, Miritini na Jomvu udongo ni wa kufinyanga. Kigingi kinashika sawasawa, ila lori likiingia uwanjani baada ya milimita 20 litalala hapo. Huko nateremsha mzigo siku kavu hata kama ni Alhamisi, nalipa mlinzi.

Shughuli ya ufuoni ina mgeni mwingine asiyetajwa kwenye utabiri wa mvua: bamvua. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na moja au mbili zinazofuata, bahari hapa hujaa hadi mwisho kama saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni. Saa kumi na moja jioni ndiyo saa mnayotaka picha, kabla jua halijazama kama saa kumi na mbili na robo. Na saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa ya mvua zetu. Mvua kubwa ikikutana na maji yaliyojaa, mifereji inayomwaga baharini haina pa kumwaga. Weka jedwali la maji kujaa na kupwa kando ya utabiri, ulisome kwa pamoja.

Na wageni wa Likoni wawekee muda. Mvua kubwa ya asubuhi foleni ya feri hurefuka, na lori langu hupitia barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri.

Kuanzia Alhamisi hadi Jumapili

Alhamisi jioni nakaa na taarifa ya Idara, programu moja, jedwali la maji na karatasi. Naandika saa za shughuli upande mmoja, saa za mvua upande mwingine. Zikigongana, tunazungumza ukumbi au kusogeza muda. Kusogeza shughuli kutoka saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana kumeokoa sherehe nyingi kuliko tenti lolote nililonunua. Zisipogongana, tunapanga kulinda vitu usiku. Hapo hapo mteja ananijibu habari za kuta: ndiyo, la, au zikae kwenye lori.

Ijumaa asubuhi naangalia kama maneno yamebadilika. Kutoka machache kwenda kadhaa, au rasharasha kwenda ngurumo, ni habari. Kubadilika kwa nyuzi moja ya joto si habari. Ijumaa alasiri tunasimamisha paa, tunakaza, tunaacha mazulia, spika na viti ghalani.

Jumamosi baada ya swala ya alfajiri natazama mashariki, juu ya bahari, na kwenye simu nafungua picha ya setilaiti. Ile inayotazama Bahari ya Hindi hupiga picha kila dakika 15, na zipo bure. Ukizitazama nne tano kwa mfuatano utaona wingu linakwenda wapi na kama linakua au linafifia. Kwa saa mbili tatu zijazo hizo picha zinashinda utabiri wowote. Saa nne kukiwa kumetakata, gari la viti linaondoka.

Kisha kuna kufungua. Watu husoma utabiri hadi Jumamosi usiku wakasahau Jumapili, lakini tenti likikunjwa na maji hutoa ukungu mweusi usiotoka kwa sabuni, na gharama hiyo naipeleka kwa mteja kama yeye ndiye aliyeharakisha. Kwa kawaida mvua ya alfajiri ya Jumapili ikipita, jua la saa tatu hadi saa tano hulikausha paa lenyewe likiwa limesimama. Kwa hiyo kwenye makubaliano naandika kwamba tutakuja kuchukua mzigo saa tano. Kama mwenye kiwanja anakitaka mapema, niambie Alhamisi, pamoja na lile jibu la kuta.